Hamira Yako Iliyoota Kwenye Kisahani Changu

Mama yangu wa Kasingirima,

Kuna jambo nilipaswa kukuambia kwa simu na sikukuambia. Nilikuwa na siku kumi na moja za kukuambia. Kila siku kati ya hizo tuliongea, ukanieleza habari za mawese ya sokoni Mwanga yaliyochanganywa na maji, kikohozi cha jirani, paka aliyezaa kwenye kapu la kuni, nami nikasema ndiyo mama, kweli mama, halafu nikakata simu. Siku ya kumi na mbili ulianguka jikoni na hukuamka. Ndiyo maana naandika. Hata ulipokuwa hai barua ulisomewa, najua, lakini kazi yangu imenizoesha kuandika kila kitu, hata kisicho na msomaji.

Jambo lenyewe ni hili: ile hamira haikuota. Ile niliyokupigia simu asubuhi nikakuambia imeota, siyo iliyoota. Nitaeleza taratibu, maana hukumpenda mtu anayekimbilia mwisho.

Nianze na mjomba Rajabu, kwa sababu wewe ulianza naye kila mara. Kaka yako huyo alikuwa mrina asali. Alikuwa anakaa porini upande wa Uvinza wiki tatu, nne, kisha anarudi na madumu yake na uso uliovimba kwa nyuki. Safari moja alirudi na homa. Akatibiwa malaria, homa ikashuka, ikapanda, ikashuka. Halafu ukaja usingizi. Nilikuwa darasa la nne, na niliona kwa macho yangu mtu mzima akilala huku ameshika tonge la ugali. Watu wakasema anakunywa. Wengine wakasema karogwa na warinaji wenzake. Wewe ulisema ni uvivu, na ulilisema kwa sauti ili asikie.

Kuna asubuhi moja uliyoikumbuka kuliko mimi. Ulimwambia akutazamie moto wakati unasukuma maandazi. Moto ukazimika, mafuta yakapoa, wanafunzi wamejaa mlangoni wanataka maandazi yao kabla ya kengele, na yeye amelala kwenye kigoda. Ukamzaba kofi. Alifungua macho, akakutazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako, akalala tena, na kiganja chako cha unga kikabaki shavuni mwake, vidole vyote vitano. Wiki chache baadaye daktari alisema ni malale, kaambukizwa na mbung'o hukohuko porini, na vijidudu vimeshaingia kwenye ubongo. Tulimzika Ujiji. Tangu siku ile hukumpiga mtu yeyote, hata sisi wanao tulipostahili kabisa.

Nilipochagua kusomea vijidudu, majirani walidhani ni akili nyingi. Ilikuwa ni lile shavu.

Sasa donge. Hukuwahi kununua hamira ya paketi. Uliiita hamira ya watu wenye haraka. Kila siku ulipomaliza kukanda ulibakiza ngumi moja ya unga uliochachuka, ukaiweka kwenye bakuli la udongo chini ya kawa, na kesho yake ndiyo iliyoumua unga mpya. Donge hilo ulipewa na bibi siku ulipoolewa, na bibi alipewa na mtu mwingine, na hakuna aliyejua lilianzia wapi. Lilikuwa na masharti yake. Mikono haioshwi kwa sabuni, inasuguliwa kwa unga mkavu, maana sabuni inaliua. Bangili haivuliwi. Ulisema mkono mtupu haukandi vizuri, na nilipokuuliza sababu ukanijibu kwamba hujawahi kujaribu na huna mpango wa kujaribu.

Siku naondoka kwenda chuo Dar ulinivisha bangili yako moja ya fedha, ile yenye michoro iliyochimbwa, ukanipa na donge kwenye kopo la siagi. Ukaniambia nisilifunge sana. Nililifunga sana. Tulipofika Tabora, kwa joto la behewa, mfuniko uliruka na donge likamwagikia begi la mama mmoja wa Kasulu, ambaye alinisema kwa Kiha kutoka pale mpaka Manyoni bila kurudia neno. Nilikusanya kilichobaki kwa kijiko. Kilitosha. Kwa miaka yote ya masomo nimekula maandazi yako, nikiyakanda mwenyewe kabla ya kwenda maabara, na masharti yako yote nimeyashika.

Ulitaka kujua nafanya nini hasa huko, na hukukubali jibu la kwamba nafanya utafiti. Nilikueleza likizo moja tumekaa uani, wewe unachambua mchele. Nilikuambia kila chembe ya kiumbe hai kama sisi ina kijumba ndani yake kinachoitwa mitokondria, na humo ndimo nguvu inamotengenezwa. Kijidudu cha malale kina mitokondria moja tu, ndefu, imejinyoosha mwili mzima. Protini nyingi za humo zinatengenezwa nje, kisha zinapita kwenye tundu jembamba zikiwa zimenyooka kama uzi. Zikishaingia lazima zikunjwe upya, kila moja kwa umbo lake, la sivyo hazina kazi. Ukaniuliza nani anazikunja. Lilikuwa swali zuri. Wanafunzi wangu wengi hawaliulizi. Nikakuambia kuna protini nyingine zinazosaidia, na mojawapo ina umbo la pipa lenye mfuniko. Uzi unaingia, mfuniko unafungwa, uzi unajikunja humo kwa utulivu bila kugandana na wenzake, kisha mfuniko unafunguliwa.

"Hotpoti," ukasema, na ukaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Kuanzia siku ile hata daftarini kwangu nimeandika hotpoti. Sasa hotpoti ya kijidudu ikikwama, protini zinarundikana ovyo na chenyewe kinakufa. Taabu ni kwamba sisi watu nasi tunayo yetu, na zinafanana. Anayetaka dawa lazima ajue zinatofautiana wapi, na hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Kijidudu chenyewe ni hatari kukifuga, kwa hiyo natumia hamira. Hapo uliinua kichwa. Ukaniuliza ni hamira hiihii, nikakuambia ni ndugu yake. Hamira nayo ina mitokondria na hotpoti yake. Maabara tuna aina moja iliyoharibiwa makusudi: kwenye ubaridi inaishi vizuri, ukiiweka kwenye joto la mwili wa mtu hotpoti yake inavurugika na inakufa. Mimi naitia maelekezo ya kutengeneza hotpoti ya kijidudu. Kisha naipaka kwenye visahani vya plastiki vyenye chakula chake kilichoganda, naviweka kwenye kabati la joto. Ikiota, maana yake hotpoti ya kijidudu imeishikilia, na hapo tunaweza kujaribu dawa kwa hamira bila kumgusa mdudu. Ikifa, naanza upya.

Miaka miwili ilikufa. Kila Ijumaa baada ya swala ulinipigia ukaniuliza kama imeota, nikasema bado, ukasema haya, tukaendelea na mengine. Hukuwahi kuniuliza kwa nini inachukua muda. Mtu aliyeumua unga miaka arobaini anajua kungoja.

Halafu Jumanne moja asubuhi nikafungua kabati nikakuta visahani vitatu vimejaa mpaka ukingoni. Sikungoja Ijumaa, na sikumngoja hata msimamizi wangu afike. Nilikupigia palepale, mkono mmoja umeshika mlango wa kabati.

"Imeota, mama."

"Kwenye joto?"

"Kwenye joto."

Nilisikia mafuta yakichemka upande wako, nikadhani umeshaweka simu chini. Kisha ukasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, "Basi kaka yangu hakulala bure."

Baadaye niliambiwa uliepua karai maandazi yakiwa bado mabichi ndani yake, ukajitanda, ukaenda kwa Bi Zuhura, mjane wa mjomba, ukamwambia mlangoni kabla hujakaribishwa. Kutoka hapo ukaenda Mwanga. Kufika Ijumaa nilikuwa nimegundua dawa ya malale. Nilikusahihisha, hilo nalitaka likumbukwe; nilikuambia siyo dawa, ni hatua. Ulisema unajua, ila watu wa Kasingirima hawana subira ya hatua.

Sasa nisikilize vizuri. Hamira yetu ya maabara ina alama: ikikaa kwenye kisahani siku kadhaa inageuka rangi ya waridi. Ile ilibaki nyeupe. Niliiona. Siku zilivyopita niliendelea kuiona, nikajitia hamnazo, nikajiambia labda haijakaa vya kutosha. Msimamizi wangu, mzee mpole asiyepandisha sauti, alikishika kisahani kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akaniambia nikague kama maelekezo ya kijidudu yamo kweli. Nikakagua. Hayamo. Nikarudia. Hayamo. Hata lile doa la makusudi kwenye hotpoti ya hamira yetu halikuwamo. Hii ilikuwa hamira nyingine kabisa, nzima, yenye afya, isiyojali joto.

Akaniomba nivue glavu. Bangili ilikuwa chini yake. Kanuni za maabara zinakataza, na mimi nilikuwa naificha. Kila nikivaa glavu naisukuma ndani yake, na kila nikiinua mkono inateremka tena mpaka kwenye ukingo wa mpira. Alichukua kijiti akakwangua ndani ya michoro. Ukatoka unga mkavu wa kijivu, wa siku nyingi, ambao hakuna sabuni iliyowahi kuufikia. Hakunigombeza. Alisema tu niupake kwenye kisahani. Kesho yake iliota ileile, nyeupe, na mikunjo ileile pembeni.

Lilikuwa donge lako, mama. Chembe moja ilidondoka kwenye chupa yangu iliyokuwa wazi, na kwa kuwa lilikuwa donge lako, halikuomba ruhusa. Lilikula chakula chote likajaa.

Nilirudi nyumbani jioni ile nikavua bangili. Nikaichemsha. Kisha nikachukua kopo lenye donge nikalimimina lote jalalani, nikaliosha kopo kwa sabuni mara mbili. Nilikuwa nimekasirika, na nilikukasirikia wewe, ambaye kosa lako lilikuwa kunifundisha kazi ukaamini nitajua pa kuifanyia. Nilipolala hasira ilikuwa imeisha, imebaki aibu.

Maabara hatutupi uchafu bila kuhifadhi kidogo. Sampuli inagandishwa kwenye kichupa, ili siku uchafu ukirudi tuutambue. Niliifanya kazi hiyo mwenyewe. Daftarini niliandika namba ya kichupa, na mbele yake neno moja: uchafu.

Zikaanza siku kumi na moja, na sasa tulikuwa tunaongea kila siku, siyo Ijumaa tu. Ya kwanza nilisema nitakuambia Ijumaa, siku yetu. Ijumaa ulinipigia, ila hukuuliza kitu. Uliniambia umemwona mjomba ndotoni, yuko macho, amekaa kwenye kigoda kilekile, anakula andazi na anakuuliza kwa nini leo chai haina tangawizi. Ulicheka ukinisimulia. Nikasema hiyo ni ndoto nzuri. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia, na mimi nikawa najisifu kwamba nakulinda. Nilikuwa najilinda mimi. Naliandika hivi bila kupamba, kwa sababu hapa sina sababu ya kupamba.

Nilifika umeshazikwa. Wanawake walikuwa wamekusafishia jiko kwa wema wao, kila sufuria inang'aa. Bakuli la udongo walilisugua kwa majivu na sabuni, wakaliinamisha juani. Nililikuta limekauka. Mwanzoni sikulia kwa ajili yako, nililia kwa ajili ya bakuli, na wale wanawake wakanishika mabega wakidhani wanajua. Halafu wakaja watu wa pole, na wengi wao walinipa pole na hongera kwa pumzi moja. Mzee mmoja wa msikitini alinishika mkono akasema ulikufa umefurahi. Nilipokea vyote viwili. Nilishukuru.

Niliporudi kwa arobaini yako nilikuwa nimejikaza. Nilikwenda kwa Bi Zuhura kabla ya kufika kwetu, begi bado mkononi. Alikuwa anaanika dagaa kwenye neti. Alinisalimia kwa Kiha kama anavyofanya siku zote, nikamwamkia kwa Kiswahili kama ninavyofanya siku zote, akanipa kigoda. Nilimweleza yote: visahani, rangi, bangili, unga, siku kumi na moja. Niliongea muda mrefu. Hakuacha kugeuza dagaa.

Nilipomaliza aliniambia kwamba hakuwahi kuamini. Asubuhi ile ulipofika mlangoni kwake unahema, alijua tu kwamba jambo kama hilo haliji kwa siku moja. Yeye ndiye aliyekaa na mjomba hospitali, akaona madaktari wanavyohangaika. Lakini alikutazama usoni, akakumbuka vile vidole vitano vya unga ambavyo yeye ndiye aliyevipangusa kwa kitambaa cha maji, na ulivyokuwa ukimwomba msamaha kila Idi mpaka akachoka kukusamehe. Kwa hiyo akapiga vigelegele.

"Nilimwacha afurahi," alisema. "Lakini mimi nilikuwa wifi yake. Wewe ulikuwa mwanawe."

Aliniletea chai. Tulipomaliza kunywa akaniuliza kama nina donge, kwa sababu bakuli lako lilioshwa, na yeye hakuwahi kukuomba kipande, alizoea kula maandazi tayari yameiva. Nikamwambia langu nililitupa. Nikamwambia pia kwamba lililobaki duniani liko kwenye kichupa kidogo kuliko kidole, kwenye friza ya maabara, na kwamba kitu kilichoingia maabara hakitoki kwenda jikoni. Hiyo ni kanuni, na safari hii naishika. Akakusanya vikombe.

"Kwa hiyo lipo, ila haliliwi."

"Ndiyo, Bi Zuhura."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye dagaa wake. Jioni kwenye arobaini aliniita mbele ya wanawake akaniambia niwaeleze. Niliwaeleza. Baadhi walinihurumia, mmoja alicheka kisha akaziba mdomo, na wawili walionekana kukasirika, hasa mmoja anayeuza sokoni Mwanga, aliyekuwa ameshawatangazia wateja wake wote. Hakuna aliyenipa hongera tena. Nilijisikia mwepesi, na nilijisikia vibaya, na bado naona vyote viwili ni sawa.

Nimerudi kazini. Nimeanza upya, mkono hauna bangili. Msimamizi wangu anadhani hotpoti ya kijidudu huenda inataka mfuniko wake yenyewe na haikubali wa hamira, kwa hiyo sasa natia vyote viwili, pipa na mfuniko. Itachukua muda. Ijumaa baada ya swala huwa naiweka simu mezani kwa mazoea, nikikumbuka naitia mfukoni. Maandazi nanunua. Ni mabaya, mama, yana haraka.

Kuna kanuni moja sikuwahi kukueleza. Kwenye daftari la maabara hatufuti. Ukikosea, unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa, ili lililoandikwa mwanzo liendelee kusomeka, kisha juu yake unaandika la kweli, unatia sahihi yako. Juzi nilifungua ukurasa ule. Nikapiga mstari juu ya neno uchafu. Juu yake nimeandika: donge la mama, Kasingirima. Nikatia sahihi. Msimamizi aliona, akatia ya kwake.

Nilichokuambia Jumanne ile nacho sikifuti. Ulikisikia, ulikifurahia, na umekwenda nacho. Nimekipiga mstari tu, na juu yake nimeandika haya.

Visahani vipya viko kwenye kabati tangu juzi. Kesho nitafungua. Vikiwa vimejaa, nitatazama rangi kwanza, nitangoja siku zote zinazotakiwa, ndipo nitakuambia.

Pumzika, mama. Moto nautazama mimi.

Mwanao wa kwanza,
mkono mtupu